Mjomba, Pistoni Haipakwi Mafuta

Mjomba,

Shikamoo.

Hapa ndipo barua inaponitaka niseme kwamba sisi huku ni wazima wa afya. Wengi wetu ni wazima, Mungu ashukuriwe. Mmoja si mzima, na ndiye aliyenifanya nikamate kalamu. Nimekaa kwenye benchi la saruji nje ya wodi ya wanaume, hospitali ya Msambweni, nangoja saa ya kuona wagonjwa. Ndani amelala Mwero, yule kijana wa Kinango uliyekuwa ukimtania kwamba alitoka nyumbani kutafuta ng'ombe akakosea njia, akaajiriwa kulinda ndovu. Paja limevunjika na nyonga imepondeka. Nimekuja kumwambia aliyemvunja ni nani. Si ndovu peke yake, Mjomba. Ni wewe.

Nimeliandika neno hilo kisha nikainua kichwa, nikatazama wanaopita na vikapu vya chakula. Acha nikueleze kwa utaratibu, maana wewe hukupenda mtu anayeruka mambo.

Tangu tukuzike, kituo chetu cha walinzi wa ndovu kule milimani Kwale kimekubandika ukutani. Picha yako ile ya magwanda, uliyopiga ukiwa bado jeshini, imewekwa kwenye fremu juu ya mlango wa ghala la silaha. Kila asubuhi nafungua kufuli chini ya kidevu chako. Kwetu watu walirithi kwa mjomba tangu zamani, shamba au minazi. Mimi nimekurithi ghala la bunduki na funguo zake. Waliocheka mwanzoni kwamba fundi wa silaha amekuwa mwanamke wa Munje anayevaa buibui akienda nyumbani, wameacha kucheka. Wanasema, "Huyu amefundishwa na Sajini." Basi, jina lako lilinitosha.

Sasa jina hilo hilo ndilo linalomkaba Mwero.

Ilikuwa alfajiri, kipupwe kikali, baridi ya milimani ile inayokufanya utoe moshi mdomoni. Ndovu walikuwa wameingia kwenye mahindi ya watu walio mpakani mwa hifadhi. Mwero na mwenzake Juma wakaenda kuwatoa. Mwero akapiga risasi moja hewani, kundi likaanza kuondoka, lakini jike mmoja mwenye mtoto akageuka. Mwero akafyatua tena, apige hewani mara ya pili. Kimya. Ganda la risasi ya kwanza lilikuwa limenasa, nusu ndani nusu nje. Akavuta mkono wa bunduki, ukagoma. Akavuta tena. Juma anasema Mwero hakukimbia. Alisimama pale akipigana na chuma mpaka yule jike akamfikia. Juma ndiye aliyepiga risasi zake hewani mfululizo mpaka ndovu akamwacha.

Mkuu wetu mpya, Bwana Mutiso, alitukusanya uani. Unajua wanavyozungumza watu wa kutoka bara. Alisema, "Huyu jamaa ali-panic. Bunduki imetoka kwa mkono ya Sajini haiwezi jam, hiyo mnajua nyote." Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi niliitikia, Mjomba. Picha yako ilikuwa nyuma yake. Mwero akaandikiwa mashtaka ya woga na uzembe wa silaha akiwa bado yumo chumba cha upasuaji. Shauri lake ni kesho. Akipatikana na hatia anafukuzwa kazi, na anakwenda zake Kinango na mguu uliovunjika na jina la mwoga. Ana mke na mtoto mchanga.

Bunduki yake ililetwa kwangu mchana, ithibitishwe kuwa ni nzima. Niliiweka juu ya meza yako, ile yenye alama ya chai. Nikaifungua mbele. Nikaitoa pistoni.

Harufu ikanipiga kabla sijaona kitu. Nazi. Nazi iliyoungua, sufuria ya wali iliyosahauliwa motoni. Pistoni ilikuwa imevaa ulimbo mweusi, na kwenye bomba lake kulikuwa na utelezi uleule, masizi yaliyokandwa na mafuta. Nilikaa chini. Nilijua kabla ya kukubali.

Mjomba, pistoni haipakwi mafuta. Nani aliyenifundisha hilo?

Somo lako la kwanza lilikuwa la pampu ya baiskeli. Ulikuwa ukituketisha nje ya ghala, ukaiziba pampu kwa kidole, ukasukuma, ukatuambia tutazame jinsi hewa inavyotaka kutoka. "Moshi wa baruti una nguvu za bure," ulisema. "Hadithi yote ya bunduki hii ni watu kutaka kuukamata moshi." Kisha unaanza safari yako, na sisi tunakufuata kama watoto wa chuo cha Kurani. Mdenmarki mmoja aliuvizia moshi kwenye mdomo wa mtutu kwa kikombe cha chuma. Jenerali mmoja wa Meksiko alitoboa tundu kwenye mtutu, moshi ukaingia bombani ukasukuma pistoni, bunduki ikatema ganda na kujipakia yenyewe. Watu wakashangilia, kisha ikapelekwa kwenye matope ya vita vikuu vya kwanza, ikakwama. Wajerumani wa vita vya pili wakarudi kwenye kikombe cha mdomoni, maana wakubwa wao hawakutaka mtutu utobolewe. Kikombe kikajaa masizi. Mwisho wakaweka haya pembeni, wakaiga pistoni ya Warusi, maadui zao. Waamerika nao walianza na mtego wa mdomoni, bunduki zikawa tayari zimeshatoka kiwandani, wakazibadilisha na kutoboa tundu. Mrusi akaja na pistoni ndefu iliyoshikamana na chuma kinachobeba kufuli la bunduki, vikienda na kurudi pamoja, ndiyo hiyo dunia nzima inaijua. Mbelgiji akapenda pistoni fupi, inayogonga mara moja na kurudi kwake, na akaiwekea pete ya kuongeza na kupunguza moshi. "Na hii ya Mbelgiji ndiyo yenu," unasema, unaipiga kofi bunduki kubwa ya kituo kama mtu anayempiga kofi punda wake.

Halafu unafika pale unaposhusha sauti. Waamerika walitengeneza bunduki nyepesi, wakaiondoa ile fimbo ya pistoni, moshi ukaelekezwa moja kwa moja ndani ya matumbo ya bunduki. Vijana wakapewa waende nayo misitu ya Vietnam, wakaambiwa hii haitaki kusafishwa sana. Baruti ikabadilishwa. Masizi yakazidi, chuma kikashika kutu, maganda yakanasa. Wengine walikutwa wamekufa, na bunduki wameifungua mikononi. Ulikuwa ukituuliza, "Na wakubwa walisema nini kwanza?" Tunajibu pamoja, "Vijana hawasafishi!" Nawe unatikisa kichwa. Hukuwahi kucheka hapo. Unasema kwamba hata pistoni iliporudi kwenye bunduki za siku hizi, ilirudi kwa sababu kuna mtu aliyesimama akasema, hii yetu inakwama.

Mimi nilidhani unatufundisha bunduki.

Na mwisho wa somo, kila mara, unaishika pistoni mbele ya macho yetu. Ipanguse, iache kavu. Paka kwingine kote, hapa usipake. Moto wa moshi ukikutana na mafuta utapata ulimbo. Vijana wa pwani ndio wagumu wa kuelewa, kwa sababu sisi tumezaliwa tunapigana na kutu. Chumvi ya Munje inakula bawaba, inakula vijiko, na dawa yetu ni moja tu, pakaza mafuta. Ulinipiga kikofi cha mkono siku niliyotia tone kwenye pistoni. Nilikuwa mtu mzima, nikalia kwa hasira.

Basi ilikuwaje, Mjomba?

Nafikiri najua. Ile miezi yako ya mwisho ulikuwa unapakaza kila kitu. Magoti yako, kitasa cha mlango, redio, cherehani ya mkeo Bi Mwanasha. Chupa ya mafuta ya nazi haikuondoka mfukoni mwako. Tulikuwa tukicheka. Bi Mwanasha alisema utapaka hata kuku. Siku nyingine ukaniita kwa jina la mama yangu nami nikaitika tu, kwa kuwa nilipenda kulisikia. Hatukujua kwamba ulikuwa unaondoka kidogo kidogo, unaacha mikono yako nyuma ifanye kazi peke yake. Wakati huo mimi nilipelekwa kozi huko bara. Ulipanda hadi kituoni kunishikia zamu, ingawa ulikuwa umeshastaafu, mlinzi akakupa funguo kwa heshima, ukakaa siku nzima ukizihudumia bunduki za rafu ya chini. Niliporudi nikazikuta zinang'aa kwa nje. Ni kazi yako, ningeikaguaje? Sikufungua hata moja.

Huko Munje mafuta ya nazi ni maji mwaka mzima, labda asubuhi chache za kipupwe ndipo mtu huianika chupa juani kidogo. Huko juu milimani, alfajiri, yanaganda kama samli. Bunduki zilitoka na kurudi rafuni miezi kadhaa bila kupigwa. Ile ya Mwero ikapigwa risasi moja kwenye baridi hiyo, pistoni ikasukuma kivivu, ganda likanasa.

Nilisema rafu ya chini. Niliposema maneno hayo kwa sauti, peke yangu pale mezani, ndipo nilipogeuka nikaiona ilikuwa karibu tupu. Doria ya jioni ilikuwa imeshatoka nazo.

Sijawahi kukimbia hivyo. Niliingia chumba cha redio na pistoni mkononi, nikaita, wote wenye silaha za rafu ya chini warudi, wasiingie mashambani. Bwana Mutiso akasimama mlangoni akauliza kuna nini. Nikamwambia nataka kuzikagua. Wakajibu wa kundi la kwanza. Kundi la pili halikujibu. Niliita tena na tena, nasikia mikwaruzo tu. Jua likawa linashuka nyuma ya miti, na huo ndio wakati ndovu wanaposogea. Mimi nimesimama pale na harufu ya nazi vidoleni, namsomea Mungu kila aya niijuayo. Kumbe betri ya redio yao ilikwisha moto. Walikuja wenyewe kwa miguu, wanatafuna mahindi ya kuchoma, wanacheka. Niliwatukana, Mjomba, matusi ambayo ungenipiga. Kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Nyuma ya rafu ya chini niliikuta chupa yako. Chupa ya sharubati, imezibwa kwa kipande cha kanga nyekundu ya Bi Mwanasha.

Hapo nikapata njia nyepesi, na sitakuficha kwamba niliitazama sana. Mafuta ya taa yapo, matambara yapo. Ningezisafisha zote, nikazikausha, chupa nikaitupa shimoni. Picha yako ingebaki ukutani. Mwero angekwenda zake, na hakuna mtu ambaye angejua.

Nilikwenda kwa Bi Mwanasha kwanza. Yumo edani bado, hatoki, amekonda. Nilimweleza nikiwa nimemshika mikono. Akasema, "Mishi mwanangu, maiti husitiriwa. Wewe unataka kumvua sanda mjomba wako mbele ya watu?" Ni kweli, maiti husitiriwa, tumefundishwa hivyo tangu wadogo. Akaanza kulia nami nikalia naye, kisha akaiondoa mikono yake kutoka kwangu.

Kaka yangu Bakari alikuwa amekaa kizingitini, akatusikia yote. Halafu akasema, "Mimi nilisimama pale makaburini nikatangaza kwa kinywa changu." Akainuka akaenda zake.

Unakumbuka, wewe mwenyewe uliwatangazia wengi. Kabla maiti hajafukiwa, mtu wa jamaa anasimama: aliyedhulumiwa na marehemu, mwenye haki yake kwake, asamehe, na asiyeweza kusamehe aje kwetu. Bakari alikutangazia wewe. Mwero alikuwepo, alikuja kukuzika pamoja na wenzake wa kituo. Yeye ni mtu wa kanisani, hajawahi kuyasikia, akaniuliza kazini yale maneno yana maana gani. Nikamweleza. Akasema hilo ni jambo zuri sana, kwao hawana. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili aliponiambia hivyo.

Kengele imelia. Wanafungua mlango. Naingia, Mjomba.

*

Ni siku ya pili, alasiri. Nimerudi kwenye benchi lile lile, nimalize nilichoanza.

Jana nilimwambia Mwero yote. Nilisimama, sikukaa kitandani. Alitazama dari muda mrefu, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na uzito. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Uliniambia mwenye haki yake aende kwa jamaa. Sasa ni nyinyi mmekuja." Nikamwambia, "Ndiyo, kwa sababu wewe huwezi kutembea." Nilimwomba radhi kwa niaba yako, nikaanza kueleza kwamba hukuwa wewe tena, kwamba akili ilikuwa imechoka. Akanikatiza. "Sijamsamehe, dada. Usinihimize." Nikaitikia. Nilimmiminia uji, akanywa kidogo, nikatoka.

Leo asubuhi nilipeleka kwenye meza ya shauri pistoni zote za rafu ya chini, kila moja juu ya kipande cha gazeti, na ile chupa. Zilikuwemo na za bunduki ambazo Mwero hajawahi kuzigusa. Bwana Mutiso aliniambia nifunge mlango, kisha akaniambia kwa upole, kwa kweli alikuwa mpole, kwamba ninaweza kusema mafuta yameonekana na nisiseme ya nani. Nilikuwa naiona picha yako dirishani, ng'ambo ya ua. Nilisema jina lako lote mbele ya wote waliokuwemo. Nilisema ni mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha, na siku hiyo alikuwa mgonjwa na sisi hatukujua. Nikasema na mimi nilizipokea bila kufungua. Juma alikuwa ameinamisha kichwa.

Mashtaka ya Mwero yamefutwa. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na ni haki yangu. Mchana wakaiteremsha picha yako. Hakuna aliyeamrisha kwa sauti, nilikuta tu ukutani pana alama ya mraba, na fremu imewekwa mezani kwangu, imefungwa gazeti. Iko hapa mapajani mwangu. Nitaipeleka Munje kwa Bi Mwanasha, akitaka kunifungulia. Hajanijibu salamu tangu siku ile. Nina hasira na wewe, Mjomba. Nina hasira kwamba uliondoka na mikono yako ikabaki, na kwamba mtu wa kumuuliza nifanye nini ulikuwa ni wewe. Na nakupenda, na natamani unipige kikofi cha mkono.

Nimetoka ndani sasa hivi. Mwero alishapata habari, Juma alimpigia simu. Sikumuuliza chochote. Yeye ndiye aliyesema, akiwa anatazama mguu wake kwenye kamba, kwamba akiweza kusimama atakwenda Munje. Anataka aongozwe mpaka kaburini kwako, na atakachokuambia ni chako na chake. Nimemwahidi Bakari atamwongoza. Mimi nitangoja njiani, chini, nisiyasikie.

Na wewe nakuahidi hili. Wiki ijayo kituo kinapokea askari wapya. Pampu yako ninayo. Nitawaketisha nje ya ghala na nitaanza na Mdenmarki na kikombe chake, nipite kwa jenerali wa Meksiko, niwape Wajerumani, Warusi na Mbelgiji, nishushe sauti Vietnam niwaulize wakubwa walisema nini kwanza. Nilipokuwa nikikusikiliza, hadithi iliishia hapo. Sasa itakwenda mbele kidogo, mpaka Kwale, mpaka rafu ya chini. Nitataja jina lako, nitawanusisha ile chupa, na wewe hapo sitakushushia sauti.

Kwaheri, Mjomba. Mungu akulaze pema. Siku ukimsikia mtu anakujia taratibu juu ya mchanga, kwa magongo, na Bakari kando yake, ujue ni Mwero. Mimi nimesema yangu. Yake msikilize mpaka mwisho.

Mpwa wako,
Mishi